Shangazi, niuze Switch aliyoizoea Mzee ili ninunue mpya?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 31, naishi Ilazo hapa Dodoma na mke wangu, mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu, na baba yangu mzazi. Ni mhasibu katika kampuni binafsi, na mara mbili kwa mwezi natumwa Dar kwa treni ya SGR.

Mwaka 2020 binamu yangu anayefanya kazi Muscat aliniletea Nintendo Switch, mashine ya magemu ya mkononi na ya TV, ile ya kawaida yenye kioo cha inchi 6.2. Sijawahi kupewa zawadi nikaipenda vile. Nimeicheza nikiwa kapera, nimeicheza umeme ukikatika, nimeicheza stendi nikisubiri basi kabla SGR haijaanza. Sasa imechoka. Analogi ya kushoto, kile kijiti cha pedi, inajisogeza yenyewe, maana vumbi letu la kiangazi halishindwi na mlango wala dirisha, na mimi mwenyewe nimewahi kuiangusha kwenye sakafu. Magemu makubwa nayo yanakwama-kwama.

Mwezi Juni 2025 ikatoka Switch 2. Nilikuwa naifuatilia tangu ilipotangazwa Januari. Kwenye grupu letu la WhatsApp tuko kumi na wanne, na tangu siku ile hatujaelewana. Nusu wanasema ni ileile, wamevuta kioo na kupandisha bei. Nusu wanasema hayo ni maneno ya wasio na hela, ukiishika mwenyewe utajua. Mmoja ameandika kwamba anayebaki na ya kwanza arudi tu kwenye nyoka wa Nokia. Nacheka nao, lakini maneno yananiingia.

Mwezi huu nimepokea mchezo kazini. Tuko kumi, kila mtu anatoa laki mbili kwa mwezi, na mimi nilikuwa wa tatu, kwa hiyo nimeshika milioni mbili taslimu. Nimeulizia bei. Duka moja la hapa mjini wanataka milioni moja na laki nane. Winga wa Kariakoo anasema anayo ya Japani, mpya kwenye boksi, kwa milioni moja na laki mbili, ila nitume nusu kwanza. Hii yangu kuna kijana wa Nkuhungu ameshaiona, atanipa laki nne na nusu pamoja na pedi na kadi za gemu.

Matatizo yangu ni mawili. La kwanza ni mke wangu. Tangu tuhamie nyumba hii anaomba tanki la maji. Maji yetu ni ya mgao, na siku yakitoka anaamka saa tisa usiku kujaza ndoo na madumu, mtoto mgongoni. Tuliahidiana mchezo ukitoka tunaweka simtanki la lita 2,000. Shangazi, sijamwambia kwamba nimeshapokea. Nimemwambia zamu yangu imesogezwa hadi mwezi ujao.

La pili ni Mzee. Baba ni mwalimu mstaafu, alikuja kwangu kutoka Kondoa mwaka juzi baada ya mama kufariki. Miezi mitatu ya mwanzo alikuwa haongei, anakaa kibarazani anatazama barabara. Jioni moja nikampa pedi, nikamfungulia gemu ya boling kwenye TV. Unaishika pedi kama umeshika mpira, unazungusha mkono, unaachia. Ya kwanza ikaenda pembeni, akanigeukia, "Hii inahesabiwa?" Tangu hapo akitoka swala ya isha anakaa sebuleni ananisubiri. Ana daftari lake, anaandika pointi kwa peni nyekundu kama alivyokuwa anasahihisha. Mke wangu naye hurusha zamu yake, mtoto anapiga makofi.

Wiki iliyopita nilikuwa naongea kwa simu na yule kijana wa Nkuhungu, sikujua Mzee yuko mlangoni. Kesho yake jioni nikakuta pedi zote mbili zimefutwa vumbi na kufungwa kwenye kitambaa, waya umekunjwa vizuri, na vyote vimewekwa juu ya kabati na daftari juu yake. Nilipomuuliza akasema, "Uza tu mwanangu. Mimi nilikuwa napitisha muda."

Tangu siku hiyo hachezi. Nikimwambia mpya nayo inacheza boling ileile, ananijibu, "Sawa."

Shangazi, ninunue au nisinunue? Na wanaosema ni ileile wako sahihi?

Mpokea Mchezo,
Ilazo, Dodoma.

Marahaba mwanangu.

Swali la mashine nitalijibu kwa urefu, maana nimelifuatilia na nina la kusema. Lakini katikati ya barua yako umeandika, "Nimemwambia zamu yangu imesogezwa." Hilo haliwezi kusubiri mpaka tumalize habari za kioo na betri, kwa hiyo tuanze nalo.

Wewe ni mhasibu, tupige hesabu pamoja. Watu kumi, laki mbili kila mmoja, wewe wa tatu. Mpaka leo umeshatoa laki sita. Milioni moja na laki nne zilizobaki ni jasho la wenzako, na utazirudisha laki mbili-mbili kwa miezi saba ijayo, upende usipende, mtoto aumwe asiumwe. Ukienda dukani kesho na milioni moja na laki nane, laki sita ni zako na milioni moja na laki mbili ni deni. Halina riba, lakini ni deni, na umeshalitolea ahadi nyumbani kwako kabla hujalishika. Hapo ndipo ninapogombana na wewe. Kupenda gemu si kosa. Pesa hii ilikuwa na jina la tanki tangu siku mlipokaa mkapanga.

Halafu mke wako atajua. Kazini mko kumi, kila mmoja ana mke au mume, ana dada, ana mdomo. Atakutana na mtu sokoni Majengo amwambie, "Hongera, nasikia safari hii mchezo ulikuwa wenu." Akilisikia huko, hata ukinunua matanki matatu hutalifuta. Mwambie leo, usingoje mwisho wa wiki. Usitangulize kitenge wala chipsi kuku. Mwambie, "Pesa nilipokea, nikakuficha kwa sababu nilitaka kununua gemu, nimekosa, pesa hizi hapa." Uziweke mezani zote, azihesabu. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Muache amalize.

Nimeishi Chang'ombe miaka ya nyuma, na ndoo zangu kumi na mbili zikiwa uani. Naujua ule usingizi wa sikio moja, unalala huku unasikiliza bomba likianza kukohoa. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku na mtoto mgongoni ili wewe ukute maji ya kuoga asubuhi, huyo hakuombi anasa. Nendeni dukani wawili, mchague tanki, mlipie kichanja na fundi bomba. Kitakachobaki kikae pembeni kwa michango ya miezi saba.

Haya, sasa mashine.

Kabla ya kukuandikia nilikwenda Area D kwa mpwa wangu ambaye anayo, nikakaa nayo jioni nzima. Sikutaka kukujibu kwa maneno ya kusikia. Ukiishika, la kwanza unalolihisi ni uzito: pamoja na pedi zake ni gramu 534, wakati ya kwanza ilikuwa gramu 398. Kioo ni inchi 7.9, na ukali wa picha yake ni 1080p badala ya 720p ya kwako. Pedi hazitelezeshwi tena kwenye reli. Zinavutwa na sumaku, unazisogeza karibu na zenyewe zinanasa, ta! Nilirudia hivyo mara nyingi mpaka mpwa wangu akaanza kuniangalia. Kuzitoa unabonyeza kitufe cha nyuma. Zile mbio za magari nilizocheza hazikukwama hata mara moja, hata tulipokuwa wengi barabarani. Ndani yake kuna GB 256 za kuhifadhia magemu, kwako ni 32.

Kwa hiyo mwenzako anayesema wamevuta kioo tu, huyo hajaishika. Lakini anayesema ni kitu kipya kabisa naye anakuza. Ni Switch, namna ya kuicheza ni ileile, mkononi au kwenye TV. Ukimpa Mzee leo hatahitaji kufundishwa. Nintendo wenyewe waliitengeneza hivyo kwa makusudi, na nadhani najua sababu. Baada ya Wii, mashine yao ya zamani iliyouzwa zaidi ya milioni 100, mwaka 2012 walileta Wii U, na jina tu liliwachanganya watu, wengine wakadhani ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyonayo. Iliishia milioni 13 na nusu hivi. Mtu akishaungua namna hiyo, safari nyingine anaongeza namba 2 kwenye jina na kunyamaza. Tena hatua ndogo ndogo ni desturi yao ya zamani. Game Boy, mashine yao ya mkononi, ilitoka 1989, Game Boy Color ikafuata 1998, na ile ya rangi ilikubali kadi za ile ya mwanzo. Switch yenyewe mwaka 2021 ilipata ndugu mwenye kioo cha OLED, watu wakanung'unika kwamba ndani hakuna kilichoongezeka nguvu, halafu walioishika wakakisifia kile kioo. Na sasa wapo wanaonung'unika kwamba Switch 2 imerudi kwenye kioo cha LCD, weusi wake haujakolea kama wa OLED. Kwa macho yangu, kwa anayetoka kwenye kioo cha inchi 6.2 kama wewe, huo mnung'uniko haukuhusu.

Kelele kubwa zilikuwa za bei. Ilipotajwa tarehe 2 Aprili 2025 kwamba Marekani itauzwa dola 449.99, watu walikumbuka kwamba ya kwanza ilianza 2017 kwa dola 299.99. Gemu ya Mario Kart World peke yake ilikuwa dola 79.99. Waliokuwa wanatazama matangazo ya moja kwa moja ya kampuni siku zile walijaza maandishi ya "teremsheni bei" mfululizo. Halafu tarehe 5 Juni ikaingia madukani, na ndani ya siku nne zikauzwa zaidi ya milioni 3.5. Kufikia mwisho wa Septemba zilishapita milioni 10. Watu walilalamika na kupanga foleni kwa wakati mmoja, na mimi sioni unafiki hapo. Kitu usichokitaka hukilalamikii bei.

Sasa tuilete Ilazo. Zile dola 449.99 za mwanzo kwa shilingi 2,500 hivi ni kama shilingi 1,125,000, kabla ya nauli, ushuru, VAT ya asilimia 18 na faida ya mwenye duka. Kwa hiyo milioni moja na laki nane si bei ya kukutoa macho, ingawa ungeweza kuvutana nao kidogo. Huyu winga wa Kariakoo ndiye anayenitia hofu. Japani wanauza aina mbili. Moja ilitoka 2025 kwa yen 49,980, na hiyo ina Kijapani peke yake. Menyu yote ni Kijapani, na haikubali akaunti isipokuwa iliyosajiliwa kwa Japani. Ya lugha zote huko huko Japani ilitoka kwa yen 69,980. Ukiona "ya Japani" kwa bei ya chini namna hiyo, uliza lugha kabla hujauliza rangi. Na usitume nusu. Usitume hata mia. Pesa ya watu kumi haitumwi kwa mtu uliyemjua kwa sauti ya simu.

Kuna na mambo ambayo grupu lenu halijayataja. Memori kadi uliyonayo haitafaa kuwekea magemu kwenye mpya, inataka aina inayoitwa microSD Express, na hiyo ni bei nyingine. Baadhi ya kadi za gemu zake ndani hazina gemu, zina ufunguo tu, gemu yenyewe unaipakua kwa intaneti, makumi ya GB. Wewe unajua bando linavyokwenda. Kile kitako chako cha kuunganishia na TV hakifanyi kazi na mpya, ni lazima utumie chake na chaja yake. Chaja nayo uisome mgongoni kabla ya kulipa, iwe imeandikwa 100 hadi 240, maana umeme wetu ni volti 230. Na ile picha kali zaidi ya 4K wanayoisifia ikiwa kwenye TV, kama TV yako ni Full HD kama nyingi za sebuleni kwetu, hutaiona.

Betri: wenyewe wanasema inakaa kati ya saa mbili na saa sita na nusu, kutegemea gemu. Hiyo yako, kama ni ya toleo lililoanza Agosti 2019, iliandikwa saa nne na nusu hadi tisa. Najua betri ya miaka mitano haina nguvu ya ilipotoka boksini. Lakini umeniambia umeicheza stendi na umeme ukikatika, na Dar unakwenda mara mbili kwa mwezi. Gemu nzito kwenye mpya inaweza kukuzimikia kabla hujafika Dar. Kwa hilo moja, mpya haikupi zaidi ya ulichonacho.

Fundi je? Wale wa iFixit, wanaofungua vifaa kuangalia kama vinatengenezeka, waliipa Switch 2 alama 3 kati ya 10. Betri imegandishwa kwa gundi. Ya kwanza nayo si rahisi, lakini imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, vipuri vyake viko kila mahali, na mafundi wetu wameshaizoea. Kwa hiyo hiyo analogi usiihukumu kifo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya pedi, kuna kipengele cha kuirekebisha. Ikikataa, peleka kwa fundi abadilishe kile kijiti, ni kazi ya dakika chache kwa mwenye bisibisi sahihi. Na zikiwa hazitumiki, zifunikwe. Mzee wako alizifunga kwenye kitambaa kwa uchungu, lakini kwa vumbi hili la kabla ya mvua ndivyo inavyotakiwa kila usiku.

Kwa hiyo ninunue au nisinunue, umeuliza. Usinunue sasa. Si kwa sababu ni ileile. Ni mashine nzuri, na mimi mwenyewe niliirudisha kwa mpwa wangu shingo upande. Usinunue kwa sababu pesa si yako bado, na kwa sababu kile wanachokilalamikia wenzako, kwamba haikujitenga sana na ya kwanza, ndicho kinachokupa wewe nafasi ya kusubiri. Inakubali karibu magemu yote ya ya kwanza. Kadi ulizonazo leo utaziingiza humo mwaka 2027 na zitafunguka. Hakuna kinachooza kwako wakati unamaliza michango. Sikuahidi kwamba bei itashuka. Bei zao ziliwahi kushuka vibaya: 3DS, mashine yao nyingine ya mkononi, ilianza Machi 2011 kwa dola 249.99 huko Marekani, Agosti ikawa 169.99, na waliowahi kununua wakapozwa kwa magemu 20 ya zamani ya bure. Lakini Agosti 2025 hukohuko Marekani bei ya Switch ya kwanza ilipanda, mashine ya miaka minane. Siku hizi kungoja si lazima kulipe. Ungoje kwa sababu ya tanki na mchezo, usingoje kwa sababu ya punguzo.

Mchezo ukimalizika, kaa na mke wako mpange kama mlivyopanga tanki. Laki mbili ile ile uliyozoea kuitoa kila mwezi, iwekeni wenyewe. Akikubali, nunua ya lugha zote, kwenye duka unaloweza kurudi. Na ukishainunua, ya zamani isiuzwe bado.

Nasema hivyo kwa ajili ya Mzee. Nimemwacha mwisho kwa sababu barua yako niliirudia mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye daftari.

Nikiwa mkweli kwako, kifundi hapotezi kitu. Boling yake inafunguka kwenye mpya. Hata pedi zake za zamani zinaungana nayo bila waya, ila hazinasi ubavuni na hazichajiwi hapo. Lakini mashine ikiwa moja, itakuwa kwenye begi lako unapokwenda Dar, mara mbili kwa mwezi, na yeye atatoka isha akute kitako kitupu chini ya TV. Hilo ungeliona mwenyewe baada ya mwezi mmoja.

Tena sidhani kama alifunga zile pedi kwa sababu ya boling. Alisikia ukitaja laki nne na nusu, na pedi anayoishika kila usiku ikiwa ndani ya bei. Mtu aliyefundisha watoto wa watu maisha yake yote, aliyekuwa na nyumba yake na mke wake Kondoa, sasa analala chumba cha mwanawe. Wazee wa namna hiyo hujipima kila siku kama wamezidi. Wakisikia kitu kinauzwa, wanaharakisha kukiachia kabla hawajaombwa. "Nilikuwa napitisha muda." Mtu anayepitisha muda haandiki pointi kwa peni nyekundu, mwanangu. Na wala usimlaumu kwamba hakukuambia. Amekuambia kwa kukunja waya.

Usimwite kikao. Usimwambie umeamua kumwachia, maana hapo utakuwa umemgawia hisani na atakushukuru kama mgeni. Mpigie simu yule kijana wa Nkuhungu ukiwa palepale sebuleni, Mzee akiwepo, umwambie haiuzwi, hapa nyumbani inatumika. Kata simu uendelee na mambo yako. Asipoinua macho, usijali, amesikia.

Halafu akitoka isha, shusha kile kitambaa juu ya kabati wewe mwenyewe. Funga waya kwenye TV. Analogi mbovu haina neno usiku huo, boling ni ya kuzungusha mkono, ndiyo maana yeye hajawahi kuilalamikia. Kaa chini, rusha wa kwanza, hata ukikosa. Daftari usilishike, mpe yeye, umuulize siku ile ya mwisho mliishia ngapi na nani alikuwa mbele. Atalifungua ukurasa wenyewe.